Waliowahi na Waliochelewa

Mtu akiniuliza kazi yangu, hujibu kwamba mimi ni mtu wa takwimu. "Aa, sensa!" huitikia, na mazungumzo yanaishia hapo. Siku hizi hata simrekebishi. Ukweli ni kwamba napiga hesabu za magonjwa yanayorithiwa katika familia, na kwa miaka kadhaa nimekaa na ugonjwa mmoja tu, ule wa damu isiyoganda. Mtoto mwenye ugonjwa huo akijikata, damu hutoka na haikomi. Akianguka, huvujia ndani, kwenye goti au kichwani, bila mtu kuiona. Huwapata zaidi wavulana. Wanawake wengi wanaoubeba huwapa wana wao na wenyewe wasijue lolote. Nimewaeleza wageni jambo hili mara nyingi, kwa mchoro na kwa mikono, na siku zote hizo sikujua kwamba nilikuwa nawasimulia habari za mama yangu.

Ofisini kwetu kulikuwa na kitu kilichotusumbua. Ugonjwa huu haujali taifa wala kabila. Kwa wingi wetu katika nchi hii, wagonjwa walipaswa kuwa wengi, lakini walioandikishwa kliniki walikuwa kiduchu. Mwenzangu mmoja alikuwa akitania kwamba labda Watanzania tuna damu nzito. Utani huo sikuupenda hata kidogo. Nilijua wagonjwa wako wapi: walikufa kabla ya kufika mahali ambapo mtu angewaandika. Nilichokuwa sijui ni walikufa kwa kitu gani, yaani waliowazika walisema wameuawa na nini.

Tukawa tunawauliza kina mama wa mikoa mbalimbali: umezaa wangapi, umepoteza wangapi, na waliondoka kwa ugonjwa gani. Malaria, pepopunda, jicho la jirani, kuhara. Katikati ya hayo, neno moja lilikuwa likirudi: kimeo.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo. Kila mtu anacho. Ila mtoto mchanga akikohoa wiki nzima, akitapika maziwa na kukataa ziwa, watu husema kimeo kimerefuka, kinamkaba. Hapo hupelekwa kwa fundi, naye hukikata kwa kisu chenye ncha iliyopindwa. Mtoto hulia, hutema damu kidogo, na kesho yake ananyonya. Madaktari wanapiga kelele miaka yote, na watu wanaitikia ndiyo daktari, kisha wanakwenda kwa fundi.

Katika takwimu zetu vifo vya kimeo viliwekwa fungu moja na maradhi ya koo, na vikaachwa hapo. Mimi nikavitoa nikavitazama upya. Kulikuwa na familia ambazo kimeo kiliua wavulana tu. Wasichana wa familia hizohizo walikatwa na fundi yuleyule kwa kisu kilekile, na wakapona. Sasa kisu kitajuaje huyu ni wa kike? Nilifurahi siku ile, na siwezi kusema sikufurahi. Nilitembea kwenye korido ya ofisi kama mtu aliyeokota mbuzi njiani.

Ni katika kipindi hicho mdogo wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume.

Mdogo wangu ameolewa Majimoto, kwenye familia ya wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Mume wake analima mpunga na anaendesha pikipiki kama anafukuzwa. Kwa uzazi wa kwanza akarudi nyumbani Magamba kulelewa na mama, kama inavyotakiwa, na mama akanipigia simu kila siku mpaka nikaomba likizo. "Njoo umwone mume wangu," alisema. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume wana utani wao, na mama yangu, mjane wa muda mrefu, aliushika utani huo kwa nguvu zote. Mume wangu amelala. Mume wangu ananuka, njoo umwogeshe.

Nilifika Mpanda kiangazi, nikachukua bodaboda hadi nyumbani. Mashamba yalikuwa yanachomwa, moshi umetanda kila upande, na vumbi limekaa hadi juu ya majani ya mihogo. Nikamkuta mama ameketi mkekani ukumbini anamenya karanga, na mtoto amelala kando yake juu ya kanga. Alikuwa mnene, mzuri, wa miezi michache tu, hana jino hata moja. Kabla sijamaliza kumsalimia mama, mtoto akakohoa. Akakohoa tena, uso ukawa mwekundu, maziwa yakamtoka.

"Kimeo hicho," mama akasema, akimfuta. "Jumamosi tunampeleka."

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

"Mama, nani anakata kimeo siku hizi? Si walikataza zahanati?"

"Wanakataza mbele za watu. Wajukuu wao wanawaleta kwa mlango wa nyuma." Akatupa maganda pembeni. "Nyie wote nimewakata. Wewe umekufa?"

Sikuwa nimekufa. Nikasema kikohozi kile ni cha moshi na vumbi, tumpeleke hospitali wamsikilize kifua. Mama akasema moshi ulikuwepo hata nilipozaliwa mimi. Kisha akatoa kauli yake aliyotulea nayo, ile ya kutuamsha kwenda shule na ya kutuharakisha kuanika mahindi: ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikaamua nitamshughulikia polepole, Jumamosi bado.

Asubuhi mdogo wangu alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni uani. Nikachuchumaa kumsaidia kumwagia maji. Mbavuni mwa mtoto kulikuwa na madoa ya rangi ya zambarau. Mengine yalikuwa chini ya mapaja, pale ambapo mbeleko hubana mtu akimbeba mgongoni. Paja moja lilikuwa limevimba, gumu.

"Hiki nini?"

"Chanjo, dada. Palivimba, nesi akasema nikande na maji ya vuguvugu. Pamegoma tu kuisha."

"Na haya madoa?"

"Mama anasema ya kuzaliwa. Mengine yanafutika, yanakuja mengine."

Nimefundisha vijana wengi kwamba usihukumu kwa mtoto mmoja, kwamba tukio moja si kitu. Pale uani nilihukumu kwa mtoto mmoja, mikono yangu ikiwa imejaa povu la sabuni. Nikamwambia mdogo wangu amfute polepole, asimsugue. Akaniangalia usoni, akaanza kumfuta taratibu.

Lakini nilihitaji kitu kingine. Ugonjwa huu, kama upo, mara nyingi huwa umetoka mahali. Nilijua familia yetu: kaka yetu mkubwa, mimi, na huyu mdogo. Kaka ana miaka mingi, anapasua mbao, amejikata mara nyingi na hajafa. Kihesabu, mwana mzima kama yeye ni shahidi mwema: kila mwana mzima anapunguza uwezekano kwamba mama anaubeba. Kwa kaka peke yake, mama alikuwa amesafishika nusu. Isipokuwa kati ya kaka na mimi kuna pengo kubwa la miaka. Pengo hilo nimeliona maisha yangu yote kama mtu anavyoona kilima nyuma ya nyumba yao. Hujiulizi kimefikaje.

Jioni nikakaa naye kwenye mkeka, nikaanza kumenya karanga.

"Mama, uliwazaa wangapi?"

Mikono yake haikusimama. "Unanihesabia watoto?"

Kwetu watoto hawahesabiwi. Ukiulizwa unao wangapi, unasema wapo, tunamshukuru Mungu. Shemeji zangu wa Majimoto ni hivyohivyo kwa ng'ombe, watakuambia wapo wapo, na zizi limejaa. Nikamwambia siulizi kwa kuhesabu, nauliza kwa ajili ya mtoto, kati ya kaka na mimi kulikuwa na mtu?

Akamenya karanga kadhaa. Nilidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anatafuta namna ya kusema, maana hakuwahi kulisema.

Mtoto akifa kabla ya kuota meno, nyumbani kwetu wanawake ndio waliokuwa wakimzika, haraka, migombani, bila tanga wala ugali wa msiba. Mama mtu alikatazwa kulia, kwamba machozi yatafunga tumbo. Kesho yake alichukua ndoo akaenda kisimani na wenzake, nao walizungumza mambo ya kisimani. Jina halikutajwa tena. Kwa hiyo mama hakuwa ametuficha kitu. Wale hawakuwahi kuingia kwenye hesabu ya watu, na mwanamke aliyeulizwa amezaa wangapi angewaruka na angekuwa mkweli kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa ni wavulana gani tuliokuwa tunawatafuta ofisini.

"Walikuwepo wawili," mama alisema. "Wa kiume."

"Walikufa na nini?"

"Kimeo. Nilichelewa."

Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyeshapanga mambo yake zamani. Kaka alimuwahi. Kikohozi kilipoanza tu, alimpeleka kwa fundi, akakatwa, akapona. Aliyefuata alipokohoa ilikuwa masika, mto umejaa, akasema ngoja mvua ikatike. Alipompeleka alikuwa amechelewa, akakatwa, akafa. Wa tatu alimwogopea kwa sababu ya yule. Akamwangalia akikohoa, akaahirisha, akaahirisha tena, hadi mama mkwe akamfokea. Naye akakatwa akiwa amechelewa, akafa.

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," mama alisema. "Nililia mimi. Na wenyewe walinikataza kulia. Nikasema basi, sichelewi tena. Wewe nilikupeleka hata shingo haijakaza. Na mdogo wako hivyohivyo. Mko hapa, mnakula karanga zangu."

Nimesoma matokeo mengi ya wasomi wenye vyeo, na ni machache yaliyonyooka kama yale. Watoto watano. Waliowahi walipona wote, waliochelewa walikufa wote, hakuna hata mmoja aliyevunja kanuni. Ningekuwa mimi ndiye niliyezaa na kuzika, ningeamini vilevile, na Jumamosi ningemfunga mjukuu mgongoni mapema kabla ya jua kali. Mama hakuwa mjinga. Aliona kitu cha kweli, akakosa kimoja tu: waliochelewa walikuwa wavulana wenye damu isiyoganda, na wangekufa hata angewapeleka siku ya kwanza ya kikohozi. Nilimkasirikia nani sijui. Nadhani niliikasirikia kanuni yenyewe, kwa jinsi ilivyokuwa nzuri.

"Mama, wale wawili. Walikuwa na madoa mwilini?"

Safari hii mikono ilisimama.

"Walikuwa nayo," alisema polepole. "Wakasema wanafinywa na wachawi. Bibi yako akazungushia nyumba dawa."

"Na walipokatwa?"

"Damu iligoma kukata. Mchana kutwa. Fundi akaweka majivu, akaweka unga wa majani, akaweka sijui nini. Ikawa inatoka tu, taratibu, kama ndoo iliyotoboka." Akanitazama. "Mdogo wako anasema umeangalia sana yale madoa."

Basi nikamweleza. Nikamwambia afikirie vihenge vya kuwekea nafaka. Mwanamke amepewa vihenge viwili vya mbegu ya damu, kimoja kutoka kwa mama yake na kimoja kutoka kwa baba yake. Mwanamume amepewa kimoja tu, kutoka kwa mama yake. Kihenge kimoja cha mwanamke kikiharibika, anakula kwenye kile kizima, wala hajui. Akizaa, anatoa kimoja bila kuchagua. Mvulana akiangukiwa na kile kibovu, hana kingine cha kukimbilia. Kaka aliangukiwa na kizima. Wale wawili waliangukiwa na kibovu, na damu yao haikuwa na cha kuifunga. Kisu kidogo tu kilitosha.

Mama alielewa haraka sana. Nimewahi kutumia saa nzima kuwaeleza jambo hilo watu wenye shahada.

"Kwa hiyo siyo kuchelewa," alisema.

"Siyo kuchelewa, mama. Hata ungewahi ingekuwa vilevile."

Nilidhani nampa zawadi. Nilidhani kabisa kwamba namtua mzigo alioubeba tangu sijazaliwa, na nilisubiri kuona uso wake ukilegea. Aliokota karanga moja, akaipasua, akaiweka kwenye ungo. Akaokota nyingine.

"Kwa hiyo ningewaacha na kikohozi chao, kingeisha."

Nikaokota karanga, nikaiacha.

"Fundi hamshiki mtoto," mama akasema. "Fundi ana kisu. Anayeshika ni mama. Unamlaza, unabana kichwa kwa magoti, unamshika mashavu kwa mikono miwili ili asigeuke. Mimi ndiye nilikuwa nawashika."

Nilitamani kuyarudisha maneno yangu yote. Nikakimbilia pale tunapokimbilia watu wa takwimu tukibanwa, nikamwambia hatuna hakika, ni uwezekano tu, bila kupima damu ya mtoto hakuna anayeweza kusema. Nilisema hivyo kwa kumhurumia, na mama alikishika nilichosema kwa mikono yote.

"Basi mkapime," alisema. "Kimeo kisubiri."

Tangu jioni ile nilimwona akisali kuliko kawaida yake. Alikuwa anaomba mambo mawili ambayo kwake yalikuwa jambo moja: mtoto awe mzima, na ikiwa mtoto ni mzima basi mimi nimekosea, na kanuni yake ibaki, na wale wawili wawe wamekufa kwa kuchelewa. Kuchelewa alishakuzoea. Mimi nilijua kwamba hata mtoto akiwa mzima, jambo la wale wawili lisingebadilika, maana kihenge kizima kingeweza kumwangukia huyu kama kilivyomwangukia kaka. Hilo sikumwambia. Nilimwacha aombe.

Tulimpeleka mtoto hospitali mjini Mpanda. Waliomtoa damu walibonyeza pale palipochomwa muda mrefu mno, na mdogo wangu alikaa amekodolea macho kile kipande cha pamba. Kikohozi kilikuwa cha kifua, akapewa dawa ya kunywa, na baada ya siku chache kikaisha. Kiliisha hivyo, bila kisu, mbele ya mama. Niliona anavyomtazama mtoto akilala bila kukohoa, na nikatoka nje.

Damu yenyewe ilipelekwa mbali, na tukatoa na yetu, mimi na mdogo wangu. Majibu yalinikuta nimesharudi kazini. Mtoto anao. Mdogo wangu anaubeba. Mimi siubebi, vihenge vyangu ni vizima vyote viwili. Nilikaa na majibu yale nikajisikia kama mtu aliyekula chakula cha ndugu yake. Nilipompigia mdogo wangu hakuuliza mengine yote, aliuliza tu kama mtoto ataishi.

"Ataishi," nikamwambia, "mradi tuwe tunawahi." Nikajisikia nikisema kama mama.

Niliogopa habari zikifika Majimoto. Mama mkwe wa mdogo wangu kweli alisema maneno, kwamba wameletewa damu mbovu. Lakini shemeji yangu alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Nilipoanza kumweleza habari za vihenge alinikata. "Shemeji, hayo sisi tunayajua kwa ng'ombe. Fahali mzima, mama mzima, ndama ana kasoro, unauliza bibi yake alikuwa nani. Sasa niambie dawa iko wapi." Dawa iko mbali, kwenye hospitali kubwa, na kila goti likivimba huwa anampakia mkewe na mtoto kwenye pikipiki hadi wapate basi. Sijamsikia akilalamika, ila barabara anailaani sana.

Mama nilimwambia kwa simu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alinisikiliza, nami nikasikia kuku wake wakilia uani.

"Yule fundi bado yupo," alisema mwishoni. "Hakati tena, macho yameisha. Siku hizi anayekata ni binti yake."

"Mama, usiende kugombana na watu."

"Nigombane na nani? Alikuwa ananionea huruma. Wa pili alipokufa hakuchukua hata kuku."

Alikwenda, nilikuja kusikia baadaye. Mama alimwita yule binti pembeni, akamweleza habari yote, madoa, damu, wavulana, na yule binti akaogopa, akaweka visu chini. Bibi fundi mwenyewe alikuwa ameketi mlangoni anaota jua. Mama alikaa naye wakazungumza habari za mahindi na nyani wanaosumbua mashambani. Nikamuuliza kama alimwambia na yeye.

"Nimwambie nini? Mtu haoni hata mlango. Nimwongezee na hilo?"

Mama alikuwa amempa yule bibi kitu ambacho mimi sikumpa yeye, na hakulisema kwa kunisuta. Lakini nisingemwambia, Jumamosi ile ingefika. Nimelizungusha jambo hilo miaka hii yote na sijapata njia ya tatu.

Kuhusu takwimu zetu, nilimwomba mama ruhusa. Nilimweleza kwamba wale wawili wanaweza kuingizwa bila jina, pamoja na wavulana wengine wa nchi nzima waliokufa kwa kimeo, ili watu waanze kuuliza swali hili mapema.

"Waweke," mama alisema. "Ila usiwataje idadi kwa sauti."

Nikawaweka. Fungu la wavulana wa damu isiyoganda likaongezeka wawili.

Mtoto sasa anakimbia. Mdogo wangu amemshonea suruali zenye pamba magotini, na watoto wenzake wa Majimoto wanamwonea wivu kwa suruali hizo. Mvua zikiisha huja Magamba kukaa na bibi yake. Mama humpikia, humtolea miiba ya migebuka inayoletwa kutoka Karema mmoja mmoja hadi samaki anapoa, humtania mume wangu umelewa, mume wangu huchangii hata kuni. Kwa muda mrefu sikuona kitu. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia.

"Dada, mama hambebi."

Nikasema anaogopa kumtia madoa.

"Hapana. Hamgusi. Akianguka ananiita mimi. Akikohoa anatoka nje."

Likizo iliyopita nilijionea. Ilikuwa jioni, mama yuko mkekani ukumbini, karanga zimekwisha, amenyoosha miguu. Moshi wa mashamba ulikuwa umerudi. Mtoto akaja anakohoa kidogo, macho mekundu kwa usingizi.

"Mke wangu, nipakate."

"Mume mzima anapakatwa?" mama akasema. "Nenda kwa mama yako."

Lakini mtoto ameshazoea kukataliwa kwa mdomo. Akajilaza mwenyewe. Akapanda juu ya miguu yake, akageuka chali, na kichwa chake kikaingia katikati ya magoti ya mama, uso juu. Akakohoa. Mama akainua mikono yake yote miwili hewani, mbali na mashavu ya mtoto. Nikainuka kwenda kumchukua mtoto.

"Mwache," mama akasema.

Akaishusha mikono polepole, akaipitisha pembeni, akaiingiza chini ya mapaja yake, na kuikalia. Mtoto akafumba macho. Kikohozi kikamjia tena mara mbili tatu, kisha kikaisha chenyewe, na mama akakaa vile, ameikalia mikono yake, machozi yanamtoka bila mtu wa kumkataza, mpaka mtoto alipoamka.